Gari kuukuu huuawa na joto, si kilomita

Mwenye gari aina ya Toyota Land Cruiser Prado lililokwisha kutembea kilomita 300,000 aghalabu huhangaikia magurudumu na rangi, ilhali kinachoweza kulimaliza gari lake ni kifuniko kidogo cha rejeta.

Mji wa Lumakanda, katika eneo la Lugari, Kaunti ya Kakamega, uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Katika mwinuko huo maji huchemka yakifika karibu nyuzi 95, wala si 100 kama ilivyo Mombasa. Injini nayo hufanya kazi kwenye joto la takriban nyuzi 90. Kinachoyazuia maji kutokota ni shinikizo linalohifadhiwa na kifuniko hicho. Mpira wake ukichakaa, shinikizo hupotea, na dereva anayepanda kupitia Turbo kuelekea Eldoret, ulio kwenye mita 2,100 hivi, hutahamaki mvuke ukifuka.

Prado za dizeli za miaka ya 1990 zenye injini ya 1KZ zinafahamika kwa udhaifu huo: zikipata joto kupita kiasi, kichwa cha injini hupasuka. Gharama ya kukibadilisha imewafanya wengi waache magari yao uani, yakiota nyasi.

Baadhi ya mafundi huondoa themostati wakidai kwamba injini itapoa zaidi. Huo si ufundi. Injini isiyofikia joto lake hula mafuta mengi na kuchakaa mapema, na tatizo halisi, labda rejeta iliyoziba, hubaki pale pale. Aidha, kujaza maji ya mto Kipkarren badala ya maji maalumu ya kupoza huleta kutu na utando ndani ya mirija.

Jambo la pili ni mkanda wa taimingi. Ukikatika, pistoni zaweza kugonga vali, na safari huishia hapo. Katika magari mengi ya aina hii, taa ya onyo huwaka kwenye dashibodi baada ya kilomita 100,000 au 150,000, lakini fundi anaweza kuizima bila kugusa mkanda. Isitoshe, sheria ya Kenya huruhusu magari ya mtumba yasiyozidi umri wa miaka 8, nayo mita ya kilomita yaweza kurudishwa nyuma kabla ya gari kufika bandarini. Asiye na stakabadhi ya kuthibitisha mkanda ulibadilishwa lini na aubadilishe sasa.

Chujio la hewa likaguliwe mara kwa mara msimu wa vumbi, na mafuta ya breki yabadilishwe kila baada ya miaka 2, kwani hufyonza unyevu.

Maji ya rejeta yakaguliwe alfajiri, injini ikiwa baridi. Kufungua kifuniko kingali moto kumewababua wengi nyuso na mikono.