Nyota Nyekundu

Pale kliniki kwetu hakuna aliyepokea ujumbe wa simu kumzidi karani wa mapokezi. Alfajiri ya kila siku ya kliniki simu yake ililia mfululizo: unakumbushwa kuhudhuria leo, unakumbushwa kuchomwa sindano, umekosa mahudhurio mara mbili. Akifika kazini tulimtania kwamba yeye ndiye mgonjwa mtoro kuliko wote.

Chanzo kilikuwa nyota ndogo nyekundu. Mfumo wa kompyuta tulioletewa uliiweka nyota hiyo kando ya kila sehemu ambayo ni lazima ijazwe: jina la baba, tarehe ya kuzaliwa, namba ya simu. Usipojaza, huvuki ukurasa. Sasa polisi wamekushushia mtu kutoka stendi ya mabasi, mikono imefungwa kamba, tangu jana hajatamka neno. Simu yake utaitoa wapi? Karani akaandika ya kwake. Tarehe ya kuzaliwa akaandika Januari mosi, 1980. Baada ya miezi michache tukawa na ukoo mkubwa wa watu waliozaliwa siku moja na wanaotumia simu moja.

Nimekuwa muuguzi wa afya ya akili kwa miaka 27, wodini kwanza, kisha kliniki. Karibu na kustaafu niliitwa kukaa na vijana wa TEHAMA waliopewa kazi ya kuandika upya mahitaji ya mfumo ule wa kumbukumbu za wagonjwa. Mimi kompyuta naijua kwa kuibonyeza tu, na niliwaambia hivyo. Wakasema wao wanajua kompyuta na hawajui wodi, kwa hiyo tumetoshana.

Nikajifunza kwamba mahitaji ni ya aina mbili. Kuna mahitaji ya kazi: mfumo usajili mgonjwa, upokee maelezo ya daktari, utoe ripoti ya mwezi. Halafu kuna mahitaji ya ubora: kazi hiyo ifanyike kwa kasi gani, kwa usiri gani, umeme ukikatika inakuwaje, karani mgeni ataizoea kwa siku ngapi. Ukiipima kwa kazi, nyota nyekundu ilifaulu vizuri sana. Sehemu zote zilijazwa.

Kiongozi wa vijana wale, kijana mpole mwenye shikamoo ya haraka haraka, alikuja na jedwali kutoka kiwango cha kimataifa kinachoitwa ISO/IEC 25010. Toleo la 2011 lilikuwa na sifa nane za ubora wa programu: kama inafaa kwa kazi yake, kama ina kasi, kama inaelewana na mifumo mingine, kama ni rahisi kutumia, kama ni ya kutegemewa, kama ina usalama, kama inarekebishika, kama inahamishika. Toleo la 2023 likaongeza ya tisa. Hiyo ya tisa ilitugharimu nusu siku ya ubishi, kwa sababu kwenye karatasi yake ya Kiswahili niliona neno "usalama" limekaa mahali pawili.

"Mwanangu, hili umelirudia."

"Hapana, mama. Usalama wa kwanza ni wa wezi. Wa pili ni wa mgonjwa asidhurike."

Kiingereza kina maneno mawili hapo, sisi tumeyapika katika chungu kimoja. Nikagundua kwamba wiki nzima nikisema usalama walisikia nywila na kufuli, na mimi kichwani nilikuwa naiona sindano. Tangu siku hiyo ubaoni tukaandika usalama wa kufuli na usalama wa sindano, na mkutano ukaenda.

Acha nianze na sindano, maana ndiyo iliyowahi kuninyima usingizi. Wagonjwa wetu wengi wenye skizofrenia hawamezi vidonge kila siku. Huchomwa Modecate, ambayo mitaani wameipa jina la sindano ya mwezi. Dawa inakaa mwilini ikitoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ukishaichoma huwezi kuitoa tena. Asubuhi moja umeme ulikatika, jenereta haikuwa na mafuta, na mfumo ulikuwa umezima na historia yote ya kila mtu. Kwenye benchi kulikuwa na baba mmoja aliyeletwa na mdogo wake. Nikamuuliza umechomwa lini? Akasema zamani. Mdogo mtu akasema naye hajui, kwa kawaida huja na dada yao. Nikaangalia mkono, nikaangalia foleni, nikachoma. Kumbe alikuwa amechomwa siku sita nyuma, alipokuja na huyo dada. Wiki ile ile alirudishwa akitembea kama ubao, mate yanamtoka, mikono inatetemeka. Tulimtibu, akatengemaa. Dada yao hakunisalimia mwaka mzima, na alikuwa na haki yake.

Kwa hiyo vijana walipoandika "mfumo uwe wa kutegemewa", niliwauliza swali nililowauliza mpaka wakalichoka: siku umeshindwa kuwa hivyo, nitajuaje? Sentensi ile tukaifuta. Tukaandika kwamba umeme ukikatika saa nne asubuhi, muuguzi wa chumba cha sindano aweze kujua kwa dakika moja nani alichomwa nini na lini. Kutoka hapo suluhisho lilikuja lenyewe, na lilikuwa la bei ya karatasi: kila siku ya kliniki, kabla ya saa mbili, mfumo unachapisha orodha ya wanaotarajiwa, na kila jina lina tarehe ya sindano ya mwisho. Asiye kwenye orodha hachomwi mpaka umeme urudi au apatikane anayejua. Karatasi inafungiwa kabatini jioni na kuchomwa moto mwisho wa wiki.

Upande wa kufuli, kijana alitusimulia yaliyotokea Ufini. Oktoba 2020 wagonjwa wa kampuni ya tiba ya mazungumzo iitwayo Vastaamo walianza kupokea barua pepe: lipa yuro 200 kwa bitcoin katika saa 24, la sivyo yale uliyomweleza mshauri wako yatawekwa hadharani. Mwizi alikuwa ameanza kwa kuidai kampuni yenyewe bitcoin 40. Kumbukumbu za watu wapatao 33,000 ziliibwa, na hazikuwa zimefungwa kwa msimbo. Aliyeingia alizisoma kama gazeti. Kampuni ilifilisika 2021, na mwaka 2024 mahakama ilimhukumu mtu mmoja kifungo cha miaka sita na miezi mitatu. Chumba kilikaa kimya. Nambari ya kadi ya benki ikiibwa, benki inakupa nyingine. Uliyosema ukilia mbele ya daktari hayana toleo jipya.

Baada ya hadithi hiyo vijana walitaka nywila ya herufi kumi na mbili, na skrini ijifunge kila baada ya dakika mbili. Nikawapeleka wodini. Chini ya kibodi ya meza ya wauguzi kulikuwa na kipande cha plasta, ile ya kufungia vidonda, na juu yake nywila imeandikwa kwa kalamu ya wino. Zamu nzima iliitumia hiyo moja. Wauguzi wale hawakuwa wazembe. Mgonjwa akianza kupiga ukuta kwa kichwa unakimbia, unarudi, mashine imejifunga; unaandika nywila, unaitwa tena. Kwa siku hiyo ni mara thelathini. Kufuli ikiwa ngumu kupita kiasi, watu huegesha mlango kwa jiwe. Tukaafikiana nywila ndefu mara moja mwanzoni mwa zamu, baada ya hapo namba fupi ya siri ya kila mtu mwenyewe. Na skrini ya mapokezi igeuzwe, maana ilikuwa inaangaliana na benchi.

Wote tulidhani adui yuko nje. Kwa uzoefu wangu, siri nyingi za wagonjwa wa akili huvujia ndani: mlinzi anayemfahamu shemeji yako, mfanyakazi wa maabara uliyesoma naye. Dodoma kuna hospitali ya taifa ya Mirembe, na jina lake limegeuzwa tusi la vijiweni. Wakenya wamelifanyia hivyo hivyo la Mathari. Mtu hahitaji kujua unaumwa nini. Akijua umepita dirisha lipi inatosha. Kwa hiyo tuliandika kwamba fundi wa maabara aone kipimo alichoombwa tu, na mhasibu aone bei. Daktari wa zamu wa wodi nyingine akihitaji faili usiku, kwa mfano mgonjwa anayetumia lithium kaletwa hajitambui, mfumo umfungulie mara moja, lakini aandike sababu, na jina lake liwe mezani kwa mkuu wa idara asubuhi.

Ujumbe wa simu nao ulitakiwa kuwa na staha. Ule wa zamani ulianza kwa maneno "Kliniki ya Afya ya Akili inakukumbusha". Mama mmoja aliolewa akiwa anatumia dawa za sonona na hakuwa amemwambia mumewe. Simu ya nyumba ile ilikuwa moja. Mengine sitayasimulia. Siku hizi ujumbe unasema "Unakumbushwa miadi ya Jumanne", basi.

Jambo ambalo halikuwamo kabisa kwenye jedwali la sifa tisa ni maneno ya ndugu. Faili la malaria halina maneno ya shangazi. La kwetu limejaa. Mgonjwa akiwa amechanganyikiwa, historia anaitoa mke, kaka, jirani: alinipiga, alichoma moto godoro, alianza baada ya bangi. Yote huandikwa humo humo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inampa Mtanzania haki ya kuomba kuona taarifa zake, na ni haki nzuri. Lakini akipewa faili zima atasoma pia nani alisema nini. Nimeona ndugu waliogoma kuzungumza nasi kwa hofu hiyo tu. Tukadai maelezo ya ndugu yawe na ukurasa wake, yaandikwe nani kayatoa na lini, na yasitoke pamoja na mengine kabla mtu mzima hajakaa akayapima. Vijana walilalamika kwamba hilo linavunja muundo wao wote. Nikawaambia pole, wavunje.

Na kuna mahali ambapo programu haina la kufanya. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa. Kenya walikuwa na kifungu kama hicho, cha 226, mpaka Mahakama Kuu ilipokitangaza kuwa kinyume cha Katiba mnamo Januari 2025. Daktari wetu mwenye huruma akimpokea binti aliyekunywa dawa ya panya, anaandika nini? Nimeona "sumu, kwa bahati mbaya" mara nyingi kuliko bahati mbaya zinavyotokea. Halafu mwisho wa mwezi mfumo unajumlisha, unachora grafu safi ya rangi, na grafu inasema kwetu watu hawajaribu kujiua. Kijana aliniuliza tuweke nyota nyekundu hapo? Nilimtazama tu.

Enzi za mafaili ya karatasi tulifundishwa kwamba ukikosea hufuti. Unakata kwa mstari mmoja, neno la chini lisomeke, unaandika jina lako na tarehe. Mfumo wa kwanza ulikuwa unafuta kabisa, kana kwamba hapajawahi kuandikwa kitu, na ugonjwa uliobandikwa kimakosa mwaka wa kwanza ulibadilishwa mwaka wa tano bila mtu kujua kwamba mgonjwa alikuwa amemeza dawa isiyo yake kwa miaka minne. Mpya unakata kwa mstari. Niliuomba mstari wenyewe uonekane kwenye skrini, mwekundu, na wakanikubalia, nadhani ili ninyamaze.

Siku ya mwisho tulimwalika mgonjwa wetu wa zamani, mwalimu wa shule ya msingi, aliyekaa zaidi ya miaka kumi bila kulazwa. Akaangalia orodha ya hali ya mgonjwa: anahudhuria, amelazwa, ametoroka, amepewa rufaa, amefariki.

"Sista, mimi hapa niko wapi?"

Tukatazamana. Daktari akaeleza kwamba kitaalamu hatupendi kuandika mtu amepona. Mwalimu akasema ni sawa daktari, ila kufariki mmekuandika bila wasiwasi. Tukaongeza sehemu ya sita: ametulia, haji tena kwa hiari yetu sote.

Wiki ya kwanza ya majaribio nilikwenda kuangalia sehemu hiyo imetumika mara ngapi. Ilikuwa mara moja. Nikamwita karani anionyeshe ni nani huyo. Akafungua, akacheka, akasema alibonyeza kimakosa, mgonjwa yuko pale kwenye benchi anasubiri sindano. Akainua kidole afute.

"Kata kwa mstari," nikamwambia.

Akakata, akaandika jina lake na tarehe.