Mche wa Mbuni na Baridi Isiyofikia Barafu

Mnamo Julai 1975 sakitu, yaani umande ulioganda, iliangamiza mibuni mingi mno katika jimbo la Paraná, nchini Brazili. Maji yanapoganda ndani ya jani, seli hupasuka na jani huwa jeusi. Hayo ni madhara ya wazi. Linalostahili kuchunguzwa zaidi ni kwamba mche wa mbuni, kama ilivyo miche mingi ya nchi za joto, huanza kudhurika hali maji hayajakaribia kuganda, halijoto inaposhuka chini ya nyuzi 10 hivi za sentigredi.

Chanzo kimoja kimo katika utando uizungukao seli, uliojengwa kwa protini na mafuta. Mafuta ya nazi huganda asubuhi ya baridi, ilhali mafuta ya alizeti yaliyowekwa kando yake hubaki kimiminika. Mimea izoeayo baridi huwa na mafuta ya namna ya pili kwa wingi zaidi katika tando zake. Utando wa mche wa nchi ya joto hukakamaa, na chumvi zilizomo ndani ya seli huvuja. Lyons na Raison walilitilia nguvu wazo hili mwaka 1970 walipochunguza mitokondria za mimea, ingawa baadaye ilidhihirika kuwa lawama si ya mafuta peke yake.

Mizizi nayo hupunguza kufyonza maji. Ndiyo sababu mche huweza kunyauka juu ya udongo uliolowa, na mtunza kitalu akazidi kuumwagilia bure.

Hatari kubwa huja jua linapochomoza. Klorofili hunasa mwanga wakati wa baridi sawa na wakati wa joto, lakini vimeng'enya vinavyotumia nishati hiyo kutengenezea sukari hufanya kazi polepole. Nishati inayozidi huigeuza oksijeni kuwa kemikali kali, mojawapo ikiwa haidrojeni peroksaidi, ambazo huharibu kloroplasti. Hivyo, kati ya miche miwili iliyopitisha usiku mmoja wa baridi, uliokingwa na jua la asubuhi hudhurika kidogo kuliko ulio wazi.

Baridi ikiongezeka polepole, mche hubadili mafuta ya tando zake na kuongeza vitu vinavyozimua kemikali hizo. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Katika vitalu vya nyanda za juu, kama vile Mbozi na Mbinga, ambako Juni na Julai ni miezi ya baridi, kuondoa kivuli chote kwa siku moja katika miezi hiyo ni kuunyima mche muda huo.