Msumeno wa Meza: Mota Kubwa Isiwe ya Kwanza

Wewe mkulima wa skimu, tazama miti iliyo mpakani mwa shamba lako. Mingi ni migrevilea, ule mti ambao Wakikuyu huuita mukima au mubariti, na asili yake ni Australia. Wazazi wetu waliopata ardhi katika skimu zilizoanza mwaka 1962 waliipanda ili ikinge upepo na kutoa kuni. Leo ni magogo ya kupasua mbao. Tena Serikali ilipozuia ukataji katika misitu ya umma, Februari 2018, wanunuzi wa mbao waligeukia mashamba ya watu. Zuio hilo lilitangazwa kuondolewa Julai 2023, lakini wanunuzi wamekwisha kuzijua njia za kuja kwetu.

Basi si ajabu kwamba wakulima wengi wanataka kuwa na karakana ndogo nyuma ya nyumba, yenye msumeno wa meza, ili wasiuze gogo kwa bei ya kuni halafu wanunue mlango kwa bei ya mjini. Hilo ni jambo jema. Neno letu mwezi huu ni kwa yule ambaye msumeno anao tayari, na sasa ana fedha kidogo za kuuboresha. Azitumie wapi kwanza?

Tulikwenda Ngoingwa, karibu na mji wa Thika, ambako nyumba mpya huota kila mwaka na kila nyumba yataka milango, makabati na vitanda. Kazi ya seremala huko haikosekani. Msumeno tuliouona ni wa namna mnayoijua: meza ya chuma iliyoungwa na fundi wa kuchomelea, shafti na beringi mbili, mkanda, mota chini, na msumeno wa inchi 12 katikati. Mashine za namna hiyo hutengenezwa sana na mafundi wa jua kali, kama wale wa Kariobangi huko Nairobi. Ni mashine imara, nasi hatuzidharau. Lakini nyingi hutoka kwa fundi zikiwa na mambo mawili tu: kukata na kuzunguka. Mambo ya kumlinda mtu huachiwa mwenye kununua.

Mwenye karakana alituonyesha tundu katika bati la ukuta, usawa wa tumbo la mtu. Alikuwa amepata fedha akabadili mota ya nguvu-farasi 2 akaweka ya 3, maana mbao za mukima zilikuwa zikiubana msumeno hata mota ikazimika. Mota mpya haikuzimika. Siku ya tatu mbao ilibana, na mota kwa nguvu zake mpya ikairusha nyuma. Bahati yake alikuwa amesimama kando.

Fikiri sababu yake. Meno ya mbele ya msumeno hushuka chini na kuikandamiza mbao mezani. Meno ya nyuma hupanda juu. Mbao ikiubana msumeno kwa nyuma, meno hayo huiinua na kuitupa kuelekea kwako. Msumeno wa milimita 300 unaozunguka mara 2,880 kwa dakika, meno yake huenda mita 45 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya kilomita 160 kwa saa; hakuna matatu iruhusiwayo kukimbia hivyo.

Na kwa nini mbao zetu hubana? Kwa sababu mara nyingi hazijakauka, na kwa sababu mti uliokua peke yake mpakani, ukipigwa na upepo wa upande mmoja, huwa na mvuto ndani yake. Ukiupasua, vipande viwili hujipinda, ama kwa kuachana ama kwa kukumbatiana. Vikikumbatiana ndipo vinaposhika msumeno. Kwa hiyo ugonjwa wa fundi yule haukuwa mota dhaifu. Ulikuwa mbao mbichi na msumeno usio na kisu cha nyuma.

Kisu cha nyuma ndicho kitu cha kwanza cha kununua, au tuseme cha kutengeneza, maana ni kipande cha bamba la chuma kigumu tu. Husimama wima nyuma ya msumeno, ndani ya mwanya uliokatwa, kuzuia pande mbili za mbao zisikutane. Unene wake una kanuni: kiwe chembamba kuliko njia inayokatwa na meno, lakini kinene kuliko bamba la msumeno wenyewe. Ikiwa meno hukata njia ya milimita 3.2 na bamba ni milimita 2.2, basi kisu cha milimita 2.5 hadi 2.8 chafaa. Usawa wa meza, kisu kisiwe mbali na meno zaidi ya milimita 8, na ncha yake isishuke zaidi ya milimita 25 chini ya kilele cha msumeno. Ukingo wake wa mbele ukatwe kwa mviringo ufuatao msumeno.

Mashine zetu za jua kali zina faida moja hapa. Nyingi hazipandishi msumeno. Hupandisha na kushusha meza. Kwa hiyo kisu ukikifunga kwa bolti mbili kwenye fremu, karibu na beringi, hakibadili umbali wake kutoka kwa msumeno hata ukigeuza kina cha kukata mara kumi kwa siku. Fundi wa kuchomelea aweza kuimaliza kazi hiyo kwa asubuhi moja. Ulaya na Marekani mashine nyingi zilihitaji mtambo wa kupanda na kushuka pamoja na msumeno ili kupata jambo hilohilo.

Juu ya msumeno weka kofia, yaani kinga ya kufunika meno. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, yataka sehemu za hatari za mashine zizibwe, na ukiajiri hata kijana mmoja sheria hiyo yakuhusu. Usisahau na mkanda ulio chini ya meza. Watoto hupenda kuchungulia huko.

Kitu cha pili ni reli ya kuongozea mbao. Reli nyingi tulizoziona ni chuma cha pembe kilichobanwa upande mmoja tu, nacho husogea ukisukuma mbao nzito. Jipatie reli ibanwayo mbele na nyuma. Kuipima ni rahisi: paka chaki jino moja, pima kutoka jino hilo hadi reli likiwa mbele, halafu zungusha msumeno kwa mkono, jino lilelile lifike nyuma, upime tena. Vipimo viwe sawa. Vikikosana, basi nyuma iwe wazi zaidi kwa unene wa karatasi. Kamwe isiwe nyembamba zaidi. Fanya hayo stima ikiwa imezimwa na plagi imechomolewa.

Tena kwa mbao mbichi za shambani reli ndefu si nzuri. Funga kipande cha mbao laini kwenye reli kinachokoma kidogo tu baada ya meno ya mbele. Hapo mbao ikitaka kujipinda baada ya kukatwa hupata nafasi, badala ya kusukumwa na reli irudi kwenye msumeno. Watu wengi hudhani hiyo ni reli iliyokatika. Waache wadhani.

Mkulima atauliza, usahihi wote huo wa nini kwa zizi la ndama? Kwa zizi si neno. Lakini chukua mzinga wa nyuki wa pau za juu, ule ulioanza kuenezwa Kenya katika miaka ya 1970. Nyuki wetu wa Afrika hutaka pau yenye upana wa milimita 32. Ukiwakatia ya 35 au ya 29, hawafuati pau. Hujenga masega yakivuka kutoka pau moja hadi nyingine, na siku ya kuvuna utavunja kila kitu. Mzinga mmoja hutaka pau zaidi ya ishirini zilizo sawa. Kwa msumeno wa mkono utachoka, bali kwa msumeno wa meza wenye reli nzuri ni kazi ya saa moja.

Hata hivyo kukata vipande vyembamba ndiko kunakokula vidole. Tengeneza vijiti viwili vya kusukumia, vyenye mdomo wa kuishika mbao, uvitundike pale mkono unapofika. Vitumie kwa kila mbao fupi kuliko milimita 300, na kwa milimita 300 za mwisho za mbao ndefu. Pia ziba mwanya uliozunguka msumeno mezani kwa kipande cha plaiwudi kilichokatwa na msumeno wenyewe ukipandishwa polepole; la sivyo pau nyembamba itadumbukia humo na kukuvuta nayo. Kijiti na plaiwudi havikugharimu chochote.

Halafu swichi. Sote twajua jinsi stima inavyopotea ghafula. Fundi husimama, huenda kunywa chai, kijana huanza kusafisha meza kwa mkono, stima inarudi. Nunua swichi ya sumaku ambayo umeme ukikatika hujifungua yenyewe, na haiwashi tena mpaka mtu abonyeze. Iwe na kitufe kikubwa chekundu cha kuzimia, mahali goti linapofika.

Huko Marekani wako waliopata kutengeneza msumeno uitwao SawStop, unaohisi kidole kwa umeme na kusimama kwa muda wa milisekunde 5 hivi. Ni ajabu kweli. Lakini bei yake ni kubwa, kila ukisimama hivyo breki na msumeno huharibika, na mbao mbichi zaweza kuudanganya. Kwa mukima iliyokatwa juzi haukufai.

Baada ya hayo tazama msumeno wenyewe. Wa meno ya kabaidi hudumu na makali muda mrefu. Kwa kupasua mbao kwa urefu chukua wa meno 24 hadi 40. Kwa kukata mapana, 60 au zaidi. Soma mzunguko wa juu ulioandikwa kwenye bamba, usiupite. Mota yako ikizunguka mara 1,440 na puli yake ni inchi 6, na puli ya shafti ni inchi 3, basi msumeno utazunguka mara 2,880.

Na vumbi. Shirika la utafiti wa saratani ulimwenguni liliweka vumbi la mbao katika orodha ya vitu viletavyo saratani kwa binadamu mwaka 1995. Vaa barakoa, acha ukuta mmoja wazi. Vumbi la mbao zilizotiwa dawa usilipeleke bandani kwa kuku.

Ukiyamaliza hayo yote na mota bado hazitoshi nguvu, badili mota. Lakini jua kwamba ya nguvu-farasi 3 kwa umeme wa fezi moja hula zaidi ya ampia 13, kwa hiyo haifai kwa soketi ya kawaida wala kwa waya mwembamba uliovutwa kutoka jikoni. Mwite fundi wa umeme mwenye leseni. Na kabla ya kukata mti wowote mwone afisa wa misitu aliye karibu nawe kwa habari za kibali cha kukata na kusafirisha. Kisha panga mbao kivulini juu ya vijiti, kwa miezi mitatu au zaidi kwa mbao ya inchi moja. Fundi wa Ngoingwa sasa hufanya hivyo. Mota yake ya nguvu-farasi 2 ameirudisha mahali pake, na ile ya 3 ametangaza kuiuza.