TAARIFA KWA WATENGENEZAJI WA SABUNI YA MAJI: NAMNA YA KUZUIA MGANDO

Watumishi wa Serikali, vikundi vya ushirika na wananchi wote wanaotengeneza sabuni ya maji Unguja na Pemba wanafahamishwa kuwa mgando unaojitokeza wakati wa kuchanganya slesi na maji unaweza kuzuiwa bila ya gharama ya ziada.

Slesi, ambayo ndiyo malighafi ya povu, huuzwa ikiwa nzito kama uji, na kwa kawaida huwa na kiini cha sabuni kiasi cha asilimia 70. Katika hali hiyo humiminika, ingawa polepole. Ikizimuliwa hadi chini ya asilimia 28 hivi, humiminika vizuri. Tatizo liko baina ya asilimia 30 na 60, ambapo chembe zake hujipanga kwa kushikana na kufanya mgando mgumu usiopenyeka maji kwa urahisi.

Kwa mfano, kilo 2 za slesi zikimiminiwa lita 1 ya maji, mchanganyiko huwa na asilimia 47 hivi, yaani katikati ya kiwango cha mgando. Kilo hizo hizo zikitiwa kidogo kidogo ndani ya lita 18 za maji, mchanganyiko huishia asilimia 7 tu.

Kwa hiyo, utaratibu ufuatao uzingatiwe:

(a) Maji yatangulie chomboni. Slesi ifuate kwa mafungu madogo, kila fungu liyeyuke kabla ya kutiwa jingine.

(b) Mchanganyiko ukorogwe polepole. Kukoroga kwa nguvu huleta povu linaloficha mabonge.

(c) Maji ya uvuguvugu yatumike inapowezekana.

(d) Chumvi itiwe mwisho, kidogo kidogo, ikiwa imeyeyushwa. Ikipindukia kiasi, sabuni hurudi kuwa nyepesi.

Mgando ukishatokea, usitupwe. Uongezewe maji yote yaliyobaki, ufunikwe hadi siku ya pili, kisha ukorogwe taratibu.

Sabuni yenye mabonge isitiwe chupani. Chupa moja hupata kiini kingi kinachoweza kuwasha ngozi, na nyingine hupata maji matupu. Mnunuzi hupunjika na kikundi hupoteza wateja.

Wahusika wanakumbushwa kuvaa glavu. Slesi ikiingia machoni, macho yaoshwe mara moja kwa maji mengi safi, na mhusika afike kituo cha afya iwapo maumivu yataendelea.