Ndege Chotara au Macho Yetu?



Njia ya zamani ya misafara, kutoka Tabora kwenda Ujiji, ilivuka mto Malagarasi. Ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, yenye hekta 3,250,000, iliingizwa mwaka 2000 katika orodha ya Ramsar, ikiwa ya kwanza kwa Tanzania. Huko yangeyange ni wengi.

Chotara ni mtoto wa ndege wa aina mbili. Tulipomwona yangeyange mweupe mwenye manyoya ya rangi ya chungwa hafifu kichwani na mdomo mwekundu, tuliwaambia watoto kuwa ni chotara. Tulikosea! Yangeyange anayefuata ng'ombe hubadilika hivyo msimu wa kutaga. Yule mkubwa naye, mdomo wake wa njano huwa mweusi.

Basi tazameni kwanza umbo, mdomo, miguu na vidole. Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi, miguu myeusi na vidole vya njano. Alama za aina mbili zikikutana kwa ndege mmoja, na msimu ukipita zisibadilike, hapo ndipo tushuku uchotara, nao ni nadra.

Tuliwarudia watoto tukakiri kosa letu, kwani mwalimu anayeficha kosa hulifundisha.