Saa Ndefu za Marekani: Unalipia Jina au Kabati?

Kwenye minada ya Marekani, saa mbili ndefu za kusimama, zote za mwanzoni mwa karne ya 19, moja huuzwa kwa mamia ya dola na mwenzake kwa makumi ya maelfu. Kabla hujashangaa, fungua mlango wa kabati uchungulie ndani.

Ile ya bei rahisi ina magurudumu ya mbao. Ni kazi ya Connecticut, ambako fundi saa Eli Terry alipewa mkataba wa mashine za saa 4,000, dola 4 kila moja, akaumaliza kufikia 1810. Kwa pesa hiyo mnunuzi hakupata kabati; alijitafutia seremala wa kijijini, ndiyo maana mengi ni ya msonobari uliopakwa rangi. Saa hizi huvutwa kamba kila siku, na jino la gurudumu likikatika, utamsaka fundi mpaka uchoke.

Ya ghali ni ya shaba na hutiwa ufunguo mara moja kwa wiki. Ikiwa ya Simon Willard wa Roxbury, Massachusetts, kabati lake ni mahogani, nguzo zimetiwa vijiti vya shaba, na kichwani kuna nakshi ya mbao iliyotobolewa. Lakini Willard alikuwa fundi saa. Makabati walichonga maseremala ambao wengi wao hawakuandikwa popote. Newport, Rhode Island, mambo ni kinyume: huko majina ya maseremala, akina Townsend na Goddard, ndiyo yanayopandisha bei, kwa sababu ya kombe la baharini lililochongwa mlangoni.

Watu hulizwa kwenye zile ziitwazo “ndoa”: mashine ya saa moja ndani ya kabati la nyingine. Kagua ubao uliobeba mashine. Ukikuta matundu ya misumari yasiyo na kazi, au vipande vipya vya kuuinua, hapo pana jambo. Tazama na miguu. Sakafu yenye unyevu imeozesha mingi, na mipya hushusha thamani.

Mimi ningeziacha zote mbili nichukue ya shaba, kabati la mcheri, ya fundi wa mji mdogo asiyevuma. Hutembea vizuri kama ya Willard, na jina hulilipii. Ila pima dari ya nyumba yako kwanza: nyingi hupita mita 2, na waliokosea zamani walikata miguu.