Redio na Vita Ukingoni mwa Ziwa
Sehemu ya Tatu: Siku Nzima Hewani, Aprili 1979

Katika sehemu mbili zilizotangulia tuliifuata redio ya Kenya tangu ilipoanza Nairobi mwaka 1928 kwa ajili ya walowezi, hadi Vita Vikuu vya Pili vilipoilazimisha kusema na Waafrika. Familia za askari wa Keya na wa Panyako, vikosi vya jeshi la kikoloni, zilitaka kujua vijana wao wamefikia wapi: Ethiopia, Madagascar au Burma. Serikali ya kikoloni nayo ilitaka familia hizo zitulie na ziendelee kutoa vijana wengine. Miaka ya 1950 Kisumu ikapata kituo chake, kikaanza kusema na watu wa Ziwa kwa lugha zao.

Leo naingia katika vita ambavyo Kenya haikupigana, lakini watu wa Kisumu walivisikia kila siku: Vita vya Kagera kati ya Tanzania na Uganda ya Idi Amin, kuanzia Oktoba 1978 hadi majeshi ya Tanzania yalipofika mpaka wa Sudan mwanzoni mwa Juni 1979. Waandishi wengi wanaoeleza propaganda ya vita huichunguza taarifa ya habari peke yake. Nadhani hapo ndipo wanapokosea. Nguvu ya redio wakati wa vita hutokana na vipindi vya siku nzima, kuanzia salamu na matangazo ya vifo hadi ukulima, mpira na muziki. Msikilizaji huamua kama ataiamini habari ya jioni kwa kuangalia jinsi kituo hicho kilivyomtendea tangu asubuhi.

Masikio ya Kisumu

Ukiitazama ramani, utaona Kisumu iko karibu katikati ya Nairobi na Kampala. Kusini, ng'ambo ya maji, kuna Musoma, Mwanza na Bukoba. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imevunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa. Mabasi yalikoma na biashara halali ikafa. Mawimbi ya redio, hata hivyo, hayakusimama forodhani.

Sayansi yake ni nyepesi kueleweka. Mchana jua huiamsha tabaka ya chini ya anga inayoyameza masafa ya kati, kwa hiyo kituo cha karibu husikika vizuri na cha mbali hufifia. Jua likizama, tabaka hiyo hutoweka, na mawimbi yaleyale hupanda juu zaidi, yakagonga tabaka nyingine na kurudi ardhini mamia ya kilomita kutoka yalikotoka. Masafa mafupi hufika mbali zaidi kwa njia hiyohiyo, ndiyo maana vituo vya London na Cologne vilisikika hata Asembo na Mbita, ukingoni mwa Ziwa. Usiku, kwa hiyo, ndio uliokuwa wakati wa kusikiliza vita. Aliyekuwa na redio ndogo ya betri aliitunza ipasavyo: betri zikichoka aliziondoa na kuzianika juani ili zipate uhai wa jioni moja zaidi.

Msikilizaji huyo alikuwa na sababu ya kutega sikio. Kisumu ilikuwa sehemu ya himaya ya Uganda hadi mwaka 1902, mkoa wa mashariki wa Uganda ulipohamishiwa upande unaoitwa Kenya leo. Mnamo Februari 1976 Amin aliifufua hoja hiyo, akadai ardhi ya magharibi mwa Kenya hadi karibu na Nairobi. Wakenya waliandamana, na wafanyakazi wa bandari ya Mombasa wakagoma kushughulikia mizigo ya Uganda. Tangu siku hiyo mtu wa Kisumu aliposikia Kampala ikizungumzia mipaka, alijua naye yumo katika habari hiyo.

Asubuhi: msemaji wa kijeshi

Redio Uganda ilimfikia msikilizaji wa Kisumu kwa urahisi, tena kwa Kiswahili, kwa kuwa Amin alikuwa amekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Habari nzito zilitolewa kwa jina la "msemaji wa kijeshi". Hakutajwa kwa jina, na wengi waliamini kwamba aliyekuwa akisema ni Amin mwenyewe. Mwanzoni mwa Novemba 1978 msemaji huyo alitangaza kwamba majeshi ya Uganda yameiteka ardhi ya Tanzania kaskazini ya mto Kagera kwa dakika 25 tu. Mwezi huohuo Amin alipendekeza vita viamuliwe kwa pambano la ndondi kati yake na Rais wa Tanzania, Mwalimu Julius Nyerere, na Muhammad Ali awe mwamuzi.

Mambo hayo yaliwachekesha watu wa mbali. Ukanda wa Ziwa ulikuwa na kumbukumbu isiyochekesha. Mnamo Februari 1977 redio hiyohiyo ilitangaza kwamba Askofu Mkuu Janani Luwum, pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, wamekufa katika ajali ya gari. Luwum na Oryema walikuwa Waacholi, na Oboth Ofumbi alikuwa Mpadhola, watu ambao lugha zao ni ndugu wa Dholuo, lugha ya Wajaluo wa Kisumu. Wakimbizi wa Uganda walikuwa wakivuka mpaka na kuingia magharibi mwa Kenya, nao walisimulia waliyoyaona. Habari ya ajali hiyo haikuaminika, na kuanzia hapo kila tangazo la Kampala lilipokelewa kwa shaka. Kituo kikidanganya kuhusu maiti mmoja ambaye wasikilizaji wanajua alivyokufa, hakuna ushindi kitakaoutangaza ukaaminika.

Mchana: Sauti ya Kenya

Kenya ilikuwa na rais mpya. Mzee Jomo Kenyatta alifariki Agosti 1978, na Daniel arap Moi alichukua uongozi miezi miwili tu kabla ya vita kuzuka. Serikali ilijitangaza kuwa haiko upande wowote, na Sauti ya Kenya, redio ya taifa, ikafuata mkondo huo. Habari za vita zilisomwa kwa tahadhari, kisha siku ikaendelea na mambo ya nchi.

Mambo hayo yalikuwa mengi. Asubuhi vilikuja vipindi vya shule, vikisikilizwa madarasani na mwalimu akiwa kando ya redio. Idhaa ya taifa ilipeleka salamu za wasikilizaji, ambapo mtu aliye Kisumu alisikia jina lake likitajwa na ndugu aliye Mombasa. Kituo cha Kisumu kilitangaza kwa Dholuo na kwa lugha nyingine za magharibi, na hapo matangazo ya vifo ndiyo yaliyokuwa na uzito kuliko yote. Nyumba nzima ilinyamaza kusikiliza nani amefariki, mtoto wa nani, atazikwa siku gani na wapi, na jamaa gani waliotakiwa kufika. Kwa watu wanaoamini kwamba marehemu hana budi kuzikwa nyumbani kwao, tangazo hilo liliwafikia waliotawanyika kazini Nairobi, Kericho na Mombasa. Redio iliyokupa siku sahihi ya mazishi ya shangazi yako ilikuwa imejijengea heshima ambayo hakuna waziri angeweza kuinunua.

Halafu mpira. Leonard Mambo Mbotela, ambaye kipindi chake cha adabu "Je, Huu ni Ungwana?" kilikuwa hewani tangu miaka ya 1960, alitangaza mechi kwa namna iliyomfanya asiyeona uwanja auone. Mwaka huohuo wa 1979 timu ya Gor Mahia ilifika fainali ya Kombe la Washindi la Afrika, ikashindwa na Canon ya Yaoundé. Kwa vijana wa mitaa ya Kondele na Kaloleni mjini Kisumu, safari ya Gor ilikuwa habari kubwa sawa na safari ya majeshi ya Tanzania kuelekea Kampala. Siwalaumu. Vita vya wengine haviyazimi maisha ya watu, na redio yenye busara hulitambua hilo.

Jioni: sauti kutoka kusini

Jioni ilipoingia, Redio Tanzania Dar es Salaam ilianza kusikika vizuri zaidi. Hapa ndipo hoja yangu inapopata ushahidi wake mkubwa. Miaka mitano kabla ya vita, mwaka 1973, Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Takriban watu milioni 2 walikusanyika katika vikundi vijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma vijitabu na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo na kufyeka vichaka vinavyozalisha mbu. Baadaye ikaja kampeni ya "Chakula ni Uhai". Wananchi hao walikuwa wamejifunza kwamba redio ikisema jambo, jambo hilo linahusu boma lao, na wao wanatarajiwa kulitenda.

Kwa hiyo Mwalimu Nyerere alipohutubia taifa tarehe 2 Novemba 1978, akaeleza kwamba Tanzania inayo sababu ya kumpiga Amin, inayo nia na inao uwezo, hakuwa akizungumza na wageni. Walimsikia kupitia chombo kilichowafundisha kuchemsha maji ya kunywa. Kipindi cha "Mazungumzo Baada ya Habari" kiliendeleza hoja hiyo kwa utulivu na kueleza sababu, bila kutegemea vitisho. Vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi na muziki wa dansi navyo viliendelea kuwa sehemu ya maisha ya wasikilizaji. Mnamo Januari 1979 Mbaraka Mwinshehe, mpiga gitaa wa Morogoro, alifariki katika ajali ya barabarani Mombasa. Kifo hicho kiliwahuzunisha Watanzania na Wakenya kwa pamoja, ingawa mpaka wao ulikuwa umefungwa. Kwa watu wa Ziwa undugu huo haukuwa mgeni: D. O. Misiani, aliyeupa muziki wa benga wa Nyanza sauti yake, alizaliwa Shirati upande wa Tanzania, na nyimbo zake zilipendwa Kisumu kama za mtoto wa nyumbani.

Haki inanidai niseme pia kwamba Dar es Salaam haikusema kila kitu. Majeshi yake yalivuka na kuingia Uganda Januari 1979, na kwa muda mrefu serikali iliwapa wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin sehemu kubwa ya sifa za kusonga mbele huko ndani, huku ikichelewa kukiri wazi ukubwa wa mchango wa askari wake. Redio inayoaminika nayo huchagua la kunyamazia. Hatari yake ni kubwa zaidi, kwa sababu msikilizaji amekwisha kuweka silaha ya shaka chini.

Usiku: kulinganisha

Ndiyo maana usiku ulikuwa na kazi yake. Baada ya Dar es Salaam, mkono ulizungusha kitufe kutafuta BBC ya London, iliyokuwa ikitangaza kwa Kiswahili tangu 1957, na Deutsche Welle ya Cologne, tangu miaka ya 1960. Jambo lililosemwa na Kampala peke yake liliwekwa kando. Lililosemwa na Dar es Salaam likakubaliwa na London lilipelekwa sokoni Kibuye kesho yake kama habari. Wavuvi wa Dunga na wachuuzi wa omena walichukua yaliyobaki, wakayapima kwa simulizi za waliotoka Busia na Malaba. Hakuna chuo kilichowafundisha kazi hiyo, nao waliifanya vizuri kuliko wahariri wengi.

Jumatano, Aprili 11

Mapigano ya Lukaya, ndani ya Uganda, mwezi Machi yaliyafungulia majeshi ya Tanzania barabara ya Kampala. Wapinzani wa Amin walikutana Moshi mwishoni mwa mwezi huo na kuunda chama kimoja cha ukombozi. Entebbe ilianguka tarehe 7 Aprili. Siku nne baadaye, Jumatano tarehe 11, sauti iliyotoka Redio Uganda haikuwa tena ya msemaji wa kijeshi asiye na jina. Luteni Kanali David Oyite-Ojok, wa wapiganaji wa Uganda waliompinga Amin, alijitaja, akatangaza kwamba utawala wa Amin umekwisha na kuwataka wananchi watulie. Ijumaa Kuu, tarehe 13, Yusuf Lule aliapishwa kuwa rais.

Redio hiyo ilikuwa imetangaza mapinduzi ya Amin Januari 1971, na sasa ilitangaza mwisho wake. Kumbe kituo cha utangazaji huwa miongoni mwa majengo ya kwanza kutekwa, na sababu tunaijua: anayeshika kipaza sauti huonekana ameshika nchi. Lakini somo la Kisumu linakwenda mbali zaidi ya hapo. Jengo hutekwa kwa saa moja, imani ya wasikilizaji haitekwi. Amin alikuwa na mitambo, na aliitumia kwa miaka minane. Alichokosa ni ile akiba inayowekwa kidogo kidogo kwa kutaja jina la marehemu sawasawa, kumfundisha mkulima jambo linalomfaa, na kutangaza kushindwa kwa timu ya nyumbani bila kuficha mabao.

Nayasema haya nikiwafikiria wanaoendesha vituo vyetu leo, vya Dholuo, vya Ekegusii na vya lugha nyingine zote za Ziwa. Siku ya msukosuko ikifika, wasikilizaji hawatawauliza leseni. Watauliza mliwaambia nini miaka yote ya amani, na ni mara ngapi kilikuwa kweli. Wanaosikiliza nao wana wajibu: kabla ya kusambaza habari ya chuki, waipime kwanza, kama walivyofanya wazee wetu kwa redio moja na betri zilizoanikwa juani.

Wiki ijayo: Jumapili ya Agosti 1, 1982, vita vilipoingia ndani ya studio za Sauti ya Kenya yenyewe, na Leonard Mambo Mbotela alipolazimishwa na askari kutangaza kwamba serikali imepinduliwa.

*Itaendelea*